Nyota ya Daudi, shofa na mezuza: tunavyodhani na vilivyo

Siku hizi si ajabu kuingia kwenye ukumbi wa maombi Nairobi au Dar es Salaam ukakuta bendera ya Israeli ukutani, mchungaji amejitanda taliti, shali ya sala ya Wayahudi, mabegani, na shofa, ile pembe ya mnyama inayopulizwa, ikilia mkesha unapoanza. Vifaa vimefika, maelezo yake yamebaki njiani, na pengo hilo limejazwa na uvumi. Kuna wanaoviona silaha za kiroho, na kuna wanaoviona uchawi wa Mayahudi. Pande zote mbili zinakubaliana bila kujua: zinadhani nguvu imo ndani ya kifaa.

Dhana: Nyota ya pembe sita ni ya Mfalme Daudi na ndiyo alama takatifu kuliko zote

Soma Torati, Zaburi na Manabii, kisha umalizie Talmudi yote, ule mkusanyiko mkubwa wa sheria na mafundisho ya marabi, yaani walimu wa dini ya Kiyahudi. Hutaona mahali nyota hii ilipoamriwa. Zamani lilikuwa pambo la kila mtu. Limechongwa kwenye sinagogi la kale la Kapernaumu, lakini humo humo imo na nyota ya pembe tano, na hakuna aliyeipigia makelele. Waislamu waliiita muhuri wa Suleiman. Sarafu za zamani za Moroko zinayo, na kwenye hirizi mchoro huo si mgeni hata kidogo. Wayahudi wa Prague ndio wanaotajwa kuwa wa kwanza kuifanya nembo ya jumuiya, katika karne ya 14. Hata hivyo, ilienea kweli kweli katika karne ya 19, pale Wayahudi wa Ulaya walipotafuta alama ya kuweka juu ya masinagogi yao, kwa kuwa jirani zao walikuwa na msalaba. Mwaka 1897 ilitumika kwenye Mkutano wa kwanza wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotaka taifa lao wenyewe, mjini Basel. Mwaka 1941 Wanazi waliwalazimisha Wayahudi wa Ujerumani kuishona kwenye nguo, ya rangi ya njano, ili watambulike na kuwindwa. Tarehe 28 Oktoba 1948 iliingia rasmi kwenye bendera ya Israeli.

Kwa hiyo ni nembo ya watu, yenye historia nzito, lakini si kifaa cha ibada. Myahudi mcha Mungu anaweza kuishi na kuzikwa bila kuigusa.

Nembo ya kale hasa ni kinara cha taa saba cha Kutoka 25, kile kilichochongwa kwenye Tao la Titus mjini Rumi likionyesha nyara za Hekalu lililobomolewa mwaka 70. Na hapo kuna mkanganyiko mwingine: kinara kinachowashwa nyumbani wakati wa Hanuka, sikukuu ya taa ya siku nane, si hicho. Cha Hanuka kina mahali pa taa tisa, nane za siku nane na moja ya kuwashia nyingine. Cha saba kilikuwa cha Hekalu, na Talmudi inakataza kutengeneza mfano wake kamili.

Dhana: Shofa ni silaha, ikipulizwa mapepo yanatimka

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tulipojichanganya zaidi. Amri yake inatoka Walawi 23 na Hesabu 29, kuhusu siku ya kwanza ya mwezi wa saba, ambayo Wayahudi wanaiita Rosh Hashana, mwaka mpya. Siku hiyo desturi ni milio 100. Wengi huipuliza pia asubuhi za mwezi wa Eluli unaotangulia, kuandaa toba, na mara moja Siku ya Upatanisho inapokwisha. Rosh Hashana ikiangukia Sabato, masinagogi ya Kiorthodoksi, yaani ya Wayahudi wanaoshika sheria kwa ukali, hayaipulizi siku hiyo. Silaha gani hiyo inayowekwa kabatini siku muhimu namna hiyo?

Tena, amri yenyewe si kupuliza, ni kusikia. Baraka inayosomwa kabla yake inamshukuru Mungu aliyetuamuru "kusikia sauti ya shofa". Musa bin Maimun, mwanasheria na tabibu aliyefariki Misri mwaka 1204, aliieleza kama mwito kwa waliolala: amkeni, chunguzeni matendo yenu, rudini kwa Muumba. Mlengwa ni yule aliyesimama anasikiliza, si pepo aliye juu ya paa.

Haki itendeke: Talmudi ina mahali inaposema milio hiyo humchanganya Shetani. Lakini Shetani wa pale ni mwendesha mashtaka mbele ya baraza la Mungu, siku ya hukumu, na kinachomchanganya ni kuona watu wanavyoipenda amri. Ni mbali sana na mkesha wa kufukuza majini.

Pembe nayo ina masharti. Ya kondoo dume ndiyo inayopendelewa, kwa kumbukumbu ya yule aliyenaswa kichakani badala ya Isaka. Ya ng'ombe haifai. Marabi walisema haipendezi kuomba msamaha kwa kitu kinachokumbusha ndama wa dhahabu. Na ile ndefu iliyojisokota, ambayo mahujaji wetu wanairudisha kutoka Jerusalem wakiishika kama yai? Wayahudi wa Yemeni ndio maarufu kwa kuitumia, na ni pembe ya tandala mkubwa. Tandala ni mnyama wa Afrika, yupo Ruaha.

Dhana: Vifaa vyote vya dini ni vitakatifu sawasawa

Talmudi, katika kitabu chake cha Megila, ukurasa wa 26b, inaweka mafungu mawili. Kuna vifaa vya kutimizia amri: kibanda cha sikukuu, tawi la mtende, shofa, na vishada vya nguo. Hivi vikishamaliza kazi yake vinaweza kutupwa, ingawa desturi ni kutovidhalilisha. Fungu la pili ni vifaa vinavyohudumia maandiko: mfuko wa gombo, joho la Torati, mikanda ya tefilini (visanduku vya maandiko vinavyofungwa mwilini wakati wa sala), kibweta cha mezuza (andiko la mlangoni). Hivi havitupwi, huhifadhiwa au huzikwa.

Tazama mpaka umepita wapi. Pembe inayopigiwa magoti kwingine imo kwenye fungu la kutupwa, na kipande cha mkanda wa ngozi kilichokatika kinazikwa kwa heshima kwa sababu kilishikilia maneno. Utakatifu unafuata maandishi. Ndiyo maana sinagogi la Ben Ezra mjini Kairo lilikuwa na chumba kilichosheheni makaratasi ya karne nyingi. Msomi Solomon Schechter alichukua vipande takriban 200,000 kwenda Cambridge katika majira ya 1896 na 1897. Mlikuwemo sala, lakini pia hesabu za wafanyabiashara na hati za ndoa.

Dhana: Tefilini na mezuza ni hirizi za Wayahudi

Dhana hii ina wazazi wanaoheshimika. Wasomaji wa Mathayo 23:5 kwa Kiswahili wamezoea kusikia kwamba Mafarisayo "hupanua hirizi zao". Tefilini ni vijisanduku viwili vyeusi vya ngozi, kimoja kinafungwa mkononi na kingine juu ya paji, penye nywele. Ndani yake mna vifungu vinne vilivyoandikwa kwa mkono, viwili vya Kutoka 13, cha Kumbukumbu 6 na cha Kumbukumbu 11. Hufungwa wakati wa sala ya asubuhi siku za kawaida, kisha huvuliwa. Siku ya Sabato hazivaliwi kabisa, kwa hoja kwamba Sabato yenyewe ni ishara ya agano na haihitaji ishara ya pili. Mwenye hirizi haivui ovyo.

Mezuza ni ile ngozi ndogo iliyosokotwa, yenye herufi 713 katika mistari 22. Kibweta cha fedha au plastiki kinachoonekana mlangoni ni ganda tu, na wanaonunua ganda zuri lenye karatasi iliyopigwa chapa ndani hawajanunua mezuza. Mwandishi huandika kwa mpangilio, herufi baada ya herufi. Akiruka moja hawezi kurudi nyuma kuichomeka, kazi yote inaharibika. Hupachikwa mwimo wa kulia unapoingia, na sheria inataka ikaguliwe mara mbili kila miaka saba, maana wino unachunika.

Je, hakuna Myahudi anayeamini mezuza inalinda nyumba? Wapo tele, na Talmudi ina mistari ya kuwaunga mkono. Ni kama Ayatul Kursi iliyotundikwa juu ya mlango Mombasa: mmoja anaisoma, mwingine anategemea fremu. Musa bin Maimun aliwakemea vikali wale waliochomeka majina ya malaika ndani ya mezuza. Alisema hawana sehemu katika ulimwengu ujao, kwa kuwa wameigeuza amri kuu, ya umoja wa Mungu na upendo wake, kuwa hirizi ya manufaa yao. Nadhani alikuwa na haki ya kukasirika.

Uzi mwekundu wa mkononi hauna hata utetezi huo. Haumo katika Torati, na Tosefta, mkusanyiko wa kale wa sheria za marabi, inataja kufunga uzi mwekundu kidoleni miongoni mwa desturi za kipagani za Waamori. Pambo la mkono wenye jicho, nalo, si la Wayahudi peke yao: Waislamu wa Afrika Kaskazini wanaliita mkono wa Fatma.

Dhana: Ndani ya sinagogi kuna Sanduku la Agano

Kuna kabati, linaloitwa sanduku takatifu, na ndani yake mna magombo ya Torati. La Musa halipo. Tayari Hekalu la pili halikuwa nalo.

Dhana: Kofia ndogo iliamriwa na Mungu

Hakuna aya. Talmudi inamsifu Rabi Huna kwa kutotembea dhiraa nne kichwa wazi, na desturi ya wacha Mungu ikaja kuwa ya wanaume wote wa Kiorthodoksi. Leo kitambaa chake kinasema mengi: ya mahameli nyeusi na ya kufuma kwa rangi mara nyingi hazitoki mtaa mmoja. Abayudaya wa Mbale, Uganda, waliofuata dini hii tangu Semei Kakungulu alipoanza mwaka 1919, wanafuma za kwao zenye rangi zinazopiga macho.

Mgeni mwanamume akiingia sinagogi huombwa afunike kichwa, awe Myahudi au la, na mara nyingi kuna kikapu cha kofia mlangoni. Avae, ni adabu. Taliti na tefilini asizichukue. Hizo ni amri za wenyewe, na hakuna atakayemshangaa kwa kukaa bila.