Je, wajua? Cannes ilitajirika kwa sababu ya mgeni aliyefungiwa mpaka

Kila mwezi wa Mei, wakati wa tamasha la filamu la Cannes, picha ni zile zile: zulia jekundu, ngazi, nyota wa sinema wanashika mikia ya magauni yao, na nyuma yao ghuba ya buluu imejaa boti za kifahari. Mwaka 2018 ilikuwa zamu ya Wakenya kushangilia, pale filamu ndefu ya nchi yao ilipochaguliwa kwa mara ya kwanza kuonyeshwa rasmi huko. Ukiitazama Cannes namna hii, rahisi kudhani mji huu wa kusini mwa Ufaransa ulizaliwa na pesa zake. Ukweli ni kwamba miaka mia mbili iliyopita hapakuwa na mtu wa maana aliyekwenda Cannes kwa hiari. Watu walipita tu.

Kilichokuwepo ni kilima kimoja, Suquet, chenye nyumba za mawe zilizobanana na kanisa juu yake. Waliishi watu elfu chache. Wanaume walivua dagaa. Familia zililima zeituni na machungwa, na maua ya kupeleka Grasse, mji wa watengeneza manukato ulioko milimani nyuma yake. Bandari haikuwepo. Jioni mashua zilikokotwa hadi mchangani, nyavu zikaanikwa hapo hapo. Ardhi ya kando ya maji, ambayo leo ni barabara ya Croisette yenye maduka ya vito na hoteli zinazotajwa dunia nzima, ilikuwa vilima vya mchanga, na njia ya miguu iliyoishia kwenye msalaba mdogo. Jina la Croisette maana yake ni huo msalaba mdogo. Watu wa pwani yetu, kuanzia Malindi hadi Kilwa, hawahitaji kuelezwa sana jambo hili: mkulima alitaka shamba la ndani lenye udongo, na kiwanja cha mchangani kilikuwa cha kuwekea mashua.

Wasafiri wenye pesa walikuwa wakienda Nice, mwendo mfupi upande wa mashariki. Waingereza walikuwa wameanza kukimbilia Nice wakati wa baridi tangu karne ya 18. Na hapa kuna jambo ambalo ndilo ufunguo wa hadithi yote: Nice wakati huo haikuwa Ufaransa. Ilikuwa chini ya Ufalme wa Sardinia, na mpaka ulikuwa mto Var. Cannes ilibaki upande wa huku, Nice upande wa kule.

Desemba 1834 kipindupindu kilikuwa kimeingia Provence, jimbo la kusini mwa Ufaransa ambamo Cannes imo. Wakuu wa Sardinia wakafunga mpaka wa Var. Miongoni mwa waliofika mtoni wakaambiwa warudi alikuwamo Mwingereza mmoja, Lord Henry Brougham, ambaye wiki chache tu nyuma alikuwa Lord Chancellor, cheo kikubwa kabisa cha sheria katika serikali ya Uingereza. Sisi wa Afrika tuna sababu nyingine ya kumkumbuka: alipigana miaka mingi dhidi ya biashara ya watumwa, na sheria ya 1833 ya kukomesha utumwa katika makoloni mengi ya Uingereza ilipita akiwa na cheo hicho. Serikali aliyokuwamo ilianguka Novemba 1834. Yeye akashika njia ya Italia, akitafuta hewa ya vuguvugu kwa ajili ya binti yake, Eléonore-Louise, aliyekuwa mgonjwa tangu utotoni.

Askari wa mpakani hawakujali cheo. Brougham alirudi nyuma, akalala katika nyumba ya wageni pale Cannes. Husimuliwa kwamba alipewa bouillabaisse, ule mchuzi ambao wavuvi walipikia samaki waliokosa wanunuzi, na akaupenda. Mchuzi au si mchuzi, alichokiona asubuhi kilimtosha. Ilikuwa Desemba, na jua liliwaka. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Januari 1835, alikuwa ameshanunua ardhi kilimani.

Hali hiyo ya hewa ina maelezo yake. Ghuba ya Cannes inatazama kusini, kwa hiyo jua la majira ya baridi linaipiga tangu asubuhi mpaka jioni. Upande wa kaskazini milima ya Alps inazuia baridi. Upande wa magharibi kuna milima ya Esterel, ambayo hupunguza makali ya mistral, upepo mkavu wa baridi unaoitesa Marseille na bonde la mto Rhône kama vile kusi inavyomtesa mvuvi mwenye ngalawa ndogo. Mchana wa Januari joto hufika nyuzi 12 au 13. Kwa mtu wa Mombasa hiyo ni baridi ya kuvaa sweta mbili. Kwa mtu aliyeacha London gizani, kwenye moshi wa makaa ya mawe, ni uponyaji.

Brougham akajenga jumba na kuliita Château Eléonore-Louise. Binti alikufa 1839, hajatimiza hata miaka ishirini. Baba hakuuza. Aliendelea kurudi kila majira ya baridi kwa takriban miaka thelathini, katika nyumba yenye jina la mtoto wake, mpaka alipofia Cannes mwaka 1868 akiwa na miaka 89. Amezikwa huko huko. Nikisoma historia ya mji huu, hapo ndipo ninaposimama kila mara. Mji wa anasa ulianza kwa mzazi aliyekuwa akitafutia mwanawe pumzi.

Lakini mtu mmoja hajengi mji. Brougham alikuwa na kitu ambacho mvuvi wa Suquet hakuwa nacho: alijulikana, aliandika barua nyingi, na marafiki zake walikuwa mabwana wa Uingereza. Aliposema kuna mahali pazuri kuliko Nice, walimsadiki. Mmoja wa waliomfuata ni Thomas Robinson Woolfield, tajiri aliyenunua ardhi, akajenga majumba ya kifahari na kuwauzia Waingereza wenzake. Mtunza bustani wake, John Taylor, akaona wapi pesa inapita. Wageni hawakujua Kifaransa wala sheria za ardhi za huko, na kila mmoja alitaka mtu wa kumwonyesha kiwanja. Taylor akaacha bustani, akawa dalali wa nyumba. Mwaka 1864 akafungua ofisi. Kampuni yenye jina lake ipo hadi leo, na inauza majumba ya mamilioni.

Brougham alitumia pia ujuano wake na Mfalme Louis-Philippe wa Ufaransa kuombea mji gati, na ujenzi wa bandari ukaanza 1838. Kisha likaja jambo kubwa zaidi. Mwaka 1863 reli ilifika Cannes. Safari kutoka Paris, iliyokuwa ya siku nyingi ndani ya gari la farasi na mifupa kuuma, ikawa ya siku moja na ushee. Tangu hapo mgonjwa aliweza kusafirishwa amelala, na tajiri aliweza kuja na watumishi, masanduku na watoto.

Hata hivyo, mimi ningeulizwa siri ya Cannes ningetaja maji kabla ya bahari. Mji wa visima na mvua chache unaweza kulisha wavuvi na mizeituni. Hauwezi kulisha hoteli. Mgeni wa hoteli anataka kuoga kila siku, anataka shuka safi, anataka nyasi za kijani mbele ya dirisha lake. Mwaka ule ule wa 1868 aliokufa Brougham, mfereji ulikamilika ulioleta maji ya mto Siagne kutoka milimani hadi Cannes. Mzee huyo alikuwa mmoja wa walioupigania. Mara vilima vilivyokuwa vya miamba na misonobari vikageuka bustani. Ikapandwa mitende. Ikapandwa mimosa kutoka Australia, mti unaochanua manjano tupu Januari na Februari, wakati Ulaya yote ni kijivu. Wasomaji wa Njombe au wa nyanda za juu za Kenya wangeutambua, maana ni ndugu wa karibu wa miwati inayopandwa huko kwa magome na makaa. Mimosa ilipenda udongo wa Cannes mno, ikatoka bustanini ikaingia msituni, na mpaka leo kilima cha Croix des Gardes hugeuka manjano kila mwanzo wa mwaka.

Msimu ulikuwa Oktoba hadi Aprili. Ilipofika Mei hoteli zilifunga milango, wapishi wakaenda kutafuta kazi milimani. Wageni hawakuja kuogelea. Walikuja kukaa juani wakiwa wamevaa kofia, glovu na miavuli, wengi wao wakiwa na kifua kikuu. Prince Leopold, mwana wa Malkia Victoria, alifia Cannes Machi 1884 baada ya kuanguka. Alikuwa na ule ugonjwa wa damu kutoganda. Nyuma ya maua na muziki wa jioni, Cannes ya zamani ilikuwa pia mji wa mazishi ya vijana.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mji ulijaa wakuu wa Urusi na Uingereza. Hoteli ya Carlton ilifunguliwa 1911. Miaka mitatu tu baadaye vita kuu ikaanza, na vyumba vyake vikalaza majeruhi. Mapinduzi ya 1917 yakawafuta matajiri wa Urusi kwa mkupuo mmoja. Mji unaotegemea aina moja ya mgeni huyumba mgeni huyo akitoweka, na Cannes iliyumba.

Kilichoiokoa ni mabadiliko ya fikra kuhusu ngozi. Katika karne ya 19 Mzungu mwenye rangi ya jua alihesabiwa mkulima au mvuvi, mtu wa kazi za nje. Weupe ulikuwa dalili ya kutofanya kazi. Viwanda vikapindua hesabu hiyo. Sasa mfanyakazi ndiye aliyepauka, kwa kushinda ndani ya karakana, na mwenye nafasi ya kulala ufukweni ndiye tajiri. Madaktari nao walikuwa wameanza kutumia jua kama tiba ya matege na ya kifua kikuu cha mifupa. Katika miaka ya 1920 kuota jua likawa jambo la fahari, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1930 hoteli zilizokuwa zikifungwa wakati wa joto zilianza kubaki wazi. Mwaka 1936 Ufaransa ikapitisha sheria ya likizo ya wiki mbili yenye malipo, na wafanyakazi wa kawaida nao wakaanza kupanda treni kwenda baharini. Bahari ilikuwa ile ile aliyoiona Brougham. Msimu wake ndio uliogeuka juu chini.

Tamasha la filamu lenyewe lilizaliwa kwa hasira. Mwaka 1938 huko Venice, tuzo kuu ilikwenda kwa filamu ya Kijerumani iliyoupamba utawala wa Hitler na nyingine ya Kiitaliano, kwa shinikizo la kisiasa. Wafaransa waliondoka wakiwa wamekasirika, wakaamua kuanzisha tamasha lao huru. Waziri wa Elimu, Jean Zay, aliliunga mkono. Biarritz, mji wa pwani ya Atlantiki, iliwania kulipata; Cannes ikashinda, na wenye hoteli walikuwa mstari wa mbele kulipigania, kwa sababu Septemba wageni huanza kufunga mizigo, na wiki mbili za sinema zingeongeza msimu. Ufunguzi ukapangwa 1 Septemba 1939. Alfajiri ya siku hiyo Ujerumani iliivamia Poland. Tamasha likavunjika, na Jean Zay hakuliona kamwe: aliuawa 1944 na wanamgambo wa Kifaransa waliokuwa upande wa Wajerumani. Lilifanyika hatimaye 20 Septemba 1946, na miaka michache baadaye likahamishiwa majira ya machipuko, ili lifungue msimu badala ya kuufunga.

Hapo Cannes ikajifunza biashara inayoilisha leo. Jumba la tamasha halilali. Machi hujaa wauzaji wa majengo, ambao maonyesho yao yalianza 1990. Juni huja watu wa matangazo ya biashara. Septemba huja wa boti, na Oktoba wa televisheni. Hata sehemu kubwa ya mchanga wa Croisette si wa asili, umeletwa na kumwagwa ili ufukwe upanuke.

Gharama ipo. Majumba mengi ni ya watu wanaokuja wiki chache kwa mwaka, na ukipita Novemba utaona madirisha yamefungwa mtaa mzima. Wengi wanaotandika vitanda vya hoteli na kuosha vyombo hawamudu kulala karibu na kazi zao. Mashua za mbao za wavuvi bado zipo katika bandari ya zamani, chache, zimefungwa kando ya boti ambazo moja tu ingenunua kijiji kizima cha 1834.

Machi 2020 ugonjwa ulifunga mipaka tena. Tamasha la Mei halikufanyika kama ilivyozoeleka, hoteli za Croisette zikafunga, na ule ukumbi wenye ngazi za zulia jekundu ukawa mtupu. Mji ukaufungua kwa watu wasio na makazi. Wakapangiwa vitanda ndani, wakapewa chakula na mahali pa kuoga, mita chache kutoka mchangani ambako zamani mashua zilikokotwa jioni.