Vya Kichina viko wapi?

Nimeulizwa tena na mgeni, nimepiga magoti shimoni Gede, magofu ya mji wa kale pwani ya Kenya, nikiokota vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika, jasho linanitiririka: "Hivyo vyeusi mnaviokotea nini? Vya Kichina viko wapi?" Kisha hitimisho lile lile la kila siku: vyombo vya Uchina, basi mji wa wageni.

Jamani!

Gede ilihamwa karne ya 17, msitu ukaimeza. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba 1948. Kaburi moja lina mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Haya yanajulikana, napita.

Kinachonikera ni hesabu. Katika magofu ya pwani hii, vigae vya ng'ambo kwa kawaida havifiki hata 5 katika kila 100. Vilivyobaki ni vyungu, mitungi na vikaango vya udongo wa hapa, vilivyofinyangwa kwa mkono na kuchomwa uwanjani bila tanuri. Hata tajiri mwenye bakuli la Kichina, wali wake ulitoka chunguni.

Na huo "weusi". Shika kigae, tazama palipovunjika. Nje wekundu, katikati mstari mweusi: moto ulizimika kabla mabaki ya mimea ndani ya udongo hayajaungua yote. Masizi ya jikoni ni kitu kingine, yanakaa usoni kwa nje, chini ya bega la chungu, na mengine hutoka ukikwangua kwa ukucha. Hata wanafunzi wangu wanavichanganya. Halafu wakiona mistari begani, wanaandika "pembetatu"! Mtindo ule wa vyungu vilivyochorwa pembetatu ni wa karne ya 7 hadi ya 10. Kuta za Gede mnazopigia picha ni changa kuliko hapo.

Lakini niungame. Umri wa chungu changu mara nyingi naupata kwa kigae cha Kichina kilicholala nacho tabaka moja, kwa sababu mitindo ya vyungu hubadilika taratibu mno. Na bakuli lile huenda lilitunzwa kabatini vizazi viwili kabla ya kuvunjika, kwa hiyo tarehe ninayoiandika kwa kujiamini yaweza kuwa ya mapema mno. Ninavyovibeza ndivyo vinavyoniokoa. Mfinyanzi hulia gaeni, na mimi pia.

Yule mgeni nilimwonyesha kimoja cha Kichina, kidogo kama ukucha. Akafurahi, akapiga picha tatu, akaondoka akiliruka karai la vigae vyeusi.