Kiberiti hakimalizi nyigu

"Si tuwachome moto tu?" Anayeuliza hivyo huwa ameshalowesha kitambaa kwa mafuta ya taa na fimbo ameshaishika. Swali hilo utalisikia Tegeta, Mbagala na Kigamboni, na jibu ni lilelile kote: hapana. Katika imani zote potofu kuhusu nyigu hii ndiyo inayounguza nyumba, kwa hiyo itapewa nafasi kubwa. Nyingine zitapitiwa haraka.

"Moto unamaliza kazi mara moja"

Moto unamaliza karatasi. Kiota cha kijivu kinachoning'inia upenuni kimejengwa kwa nyuzi za mbao zilizotafunwa na kuchanganywa na mate, na kinateketea kwa sekunde chache. Nyigu wenyewe hawasubiri. Wanaofikiwa na joto wanaachia na kuanguka, tena wanaangukia usoni na shingoni mwa yule aliyesimama chini akiwa ameinua fimbo. Aliyeungua mabawa haruki tena, lakini anatembea, na mwiba wake ni mzima. Waliokimbia wanarudi asubuhi, wanakuta ubao mweusi, wanaanza kujenga nusu mita pembeni. Mtu akikuambia "nimewachoma mara tatu na bado wapo", ameshajijibu.

Sasa tazama kiota kimeshika wapi. Kitambaa chenye mafuta ya taa kinadondosha matone yanayowaka. Juu yake kuna ubao wa ukingo wa paa, umekaushwa na jua la miaka mingi na kupakwa rangi ya mafuta. Nyuma ya ubao kuna uwazi wa dari: vumbi, viota vya shomoro, nyaya za taa. Jipsamu yenyewe haishiki moto kirahisi, lakini mbao zilizoibeba zinashika. Dari ya PVC inalegea na kutoa moshi wa sumu. Banda la makuti halihitaji maelezo. Ukishaita maji, paa limekwisha.

Petroli ni balaa lingine. Mvuke wake unashika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse Dar yenye nyuzi 30. Na mvuke huo ni mzito kuliko hewa: ukiimwaga juu, unashuka ulipo wewe, unatambaa sakafuni hadi ulipo mkaa wa mama anayepika ubwabwa uani. Mafuta ya taa yanahitaji joto la nyuzi 38 au zaidi ndipo yatoe mvuke wa kuwaka, ndiyo maana watu wameyazoea na wanadhani petroli ni ndugu yake. Wapo wanaojitetea: "Namwaga tu, siwashi." Ni kweli, petroli inaua nyigu bila kuwashwa. Maji ya sabuni nayo yanawaua, kwa bei ya kijiko, na hayajali nani anavuta sigara barazani.

Sabuni inafanya kazi kwa sababu nyigu hapumui kwa mdomo. Ana vitundu vidogo ubavuni. Maji matupu yanateleza juu ya ngozi yake yenye nta, anajikung'uta na kukufuata. Maji yenye sabuni yanashika ngozi, yanapenya vitunduni, naye anakosa hewa ndani ya muda mfupi. Kipimo ni vijiko vya chakula 3 vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa kila lita 1 ya maji. Sabuni ya unga haifai, punje zake zinaziba nozeli. Koroga taratibu, ukitikisa kama maziwa ya mtindi, bomba la kupulizia litajaa povu na litatema hewa.

Tumia bomba la mkono la kupulizia, la lita 2 hadi 5, ambalo halijawahi kubeba dawa ya magugu. Zungusha nozeli hadi itoe mchirizi ulionyooka. Ukungu haufai, unaishia njiani na kuwaamsha. Jaribu ukutani mchana: mchirizi ukifika mita 3 bila kutawanyika, uko tayari.

Kazi yenyewe ni ya usiku. Jua la Dar linazama kabla ya saa moja mwaka mzima, kwa hiyo saa mbili nyigu wote wako kwenye sega, wamejibana na wamepoa. Mchana nusu yao wako mawindoni, na hao ndio watakaokurudia. Bado kukiwa na mwanga, chagua pa kusimama: pembeni, mita 2 hadi 3 kutoka kiotani, kamwe si chini yake. Ondoa ndoo, viti na kamba ya nguo kwenye njia ya kurudi nyuma. Funga madirisha. Zima taa ya baraza nusu saa kabla, maana nyigu aliyeshtuliwa usiku anafuata mwanga. Ukiwa umevaa tochi kichwani, mwanga huo ni paji lako la uso. Tochi funika kwa nailoni nyekundu, kwa sababu nyekundu hawaioni vizuri, kisha iweke chini ikiangalia juu. Vaa suruali nzito, soksi juu ya suruali, mikono mirefu, kofia yenye kipande cha chandarua mbele, na miwani.

Lenga uso wa sega walipojazana, bonyeza sekunde 20 bila kuachia. Kosa la kawaida ni kupiga kidogo, kuacha uone matokeo, kisha kupiga tena. Katika ule mpumuo ndipo wanapotoka. Ukimaliza, rudi nyuma, ingia ndani, lala. Asubuhi ukiona kimya, kwangua kiota chote pamoja na kikonyo kilichokishikilia, ukikanyage au ukizamishe kwenye maji ya sabuni, kwa sababu funza waliomo vyumbani bado ni wazima. Pasugue pale. Kikonyo hicho kimepakwa na nyigu ute wa kuzuia sisimizi (ndiye adui yao mkubwa, kuliko wewe), na hakuna sababu ya kuwaachia msingi uliokwisha andaliwa.

Mahali pawili maji ya sabuni hayaruhusiwi. La kwanza ni popote panapohitaji ngazi: mtu anayekimbia nyigu akiwa ngazini anavunjika mguu kwanza, ndipo anaumwa. La pili ni boksi la mita ya umeme ya LUKU, ambalo nyigu wanalipenda kwa kuwa ni kavu na lina kivuli. Kuzima swichi kuu hakukusaidii, waya unaoingia kwenye mita bado una umeme. Hapo waite TANESCO, na usinyunyize kitu chochote, hata dawa ya kopo. Na kama tayari kuna aliyewasha moto na umemshinda, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

"Nyigu ni nyigu, wote ni hatari"

Nyigu, dondola, manyigu: majina tunayachanganya, basi na wadudu tunawachanganya. Yule mweusi mwenye miguu ya njano na kile kiuno chembamba kama uzi, anayebandika matonge ya udongo ukutani na nyuma ya pazia, anaishi peke yake. Hana jeshi, hana malkia, hana kiota cha kulinda kwa vita. Mpaka umbane kwa mkono ndipo akuume. Kazi yake ni buibui: anamchoma sumu ya kupooza, anamsukumia kwenye chumba cha udongo akiwa hai, anamtagia yai, anaziba. Vunja tonge moja uone. Ndani utakuta buibui kadhaa wamepangwa kama dagaa kwenye kopo. Tonge lenye tundu la mviringo limeshaachwa, aliyekuwamo ametoka.

Mwache, isipokuwa kwenye mirija. Anaziba bomba la kutolea maji la AC, na maji yanarudi ukutani. Anaziba tundu la kufuli na bomba la kutolea maji ya ziada la tangi. Ndege ya Birgenair iliyoanguka Februari 1996 baada ya kuruka kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, ikaua watu wote 189, wachunguzi walimshuku nyigu wa aina hii kuziba mrija wa kupimia mwendo. Mdomo wa bomba la AC ufunge kwa kipande cha wavu wa mbu na waya laini, uusafishe kila baada ya miezi 3, la sivyo utelezi wa ndani ya bomba utaziba wavu na utamlaumu nyigu bure. Udongo wa ukutani ukwangue ukiwa mkavu. Ukimwagia maji kwanza, utakuwa umepaka ukuta tope.

"Akishauma, anakufa"

Huyo ni nyuki. Mwiba wa nyuki una vikwachu, unabaki kwenye ngozi pamoja na utumbo wake. Mwiba wa nyigu ni laini, unaingia na kutoka, na anaweza kurudia. Wanaouma ni majike pekee. Na kama dari inavuma mchana kutwa na sega ni la nta, hao ni nyuki: funga mlango na mwite mfugaji nyuki. Yote yaliyosemwa hapa kuhusu bomba la sabuni hayawahusu. Kiota cha nyigu upenuni kwa kawaida kina makumi, mzinga una maelfu, na nyuki wetu hawana utani.

"Tega chupa yenye juisi" na "subiri msimu wa baridi wafe"

Ushauri wa Ulaya na Marekani, kwa nyigu wa huko. Wale wa huko hujenga ardhini, hupenda soda na nyama, na kundi lao hufa majira ya baridi. Nyigu wetu wa karatasi anawinda viwavi awapelekee funza wake. Chupa yako ya juisi ya embe itajaza nzi na nyuki. Na Dar haina baridi ya kuua mdudu. Kiota kinaweza kuanzishwa mwezi wowote, masika au kiangazi.

"Tundika mfuko wa maji, au weka vidonge vya nondo"

Hapana na hapana. Vidonge vya nondo vinafanya kazi ndani ya sanduku lililofungwa, si kwenye upepo wa bahari.

"Dawa ya mbu ya kopo inatosha"

Inaua, ila polepole, na inafika hatua moja tu. Maana yake ni kwamba lazima usogeze uso wako kiotani, umkasirishe, kisha usubiri afe.

"Aliyeumwa apakwe mafuta ya taa, dawa ya meno, siki..."

Orodha hii haina mwisho. Siki inategemea hoja kwamba sumu ya nyigu ni kama magadi. Si kweli, na hata ingekuwa kweli, sumu iko chini ya ngozi, siki iko juu. Osha kwa maji na sabuni, vua pete kabla kidole hakijavimba, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 10 hadi 15, pumzisha, rudia. Kidonge cha setirizini kinapunguza muwasho. Uvimbe unaokua siku ya pili kuzunguka jeraha ni kawaida.

Kisicho kawaida ni vipele mwili mzima, midomo au ulimi kuvimba, sauti kukauka, kifua kubana, kutapika, kizunguzungu. Huo ni mzio mkali, dawa yake ni sindano ya adrenalini pajani, na haiko kwenye kabati la jikoni. Mlaze, inua miguu yake. Akishindwa kupumua vizuri, mwache akae. Mtafutie gari sasa hivi, usisubiri kuona kama setirizini itamsaidia. Aliyeumwa mdomoni au kooni anakwenda hospitali hata kama anaongea vizuri.

"Ukikiona kiota, lazima kiondoke"

Kilicho juu ya mwarobaini mita 5 kutoka ardhini kinakupunguzia viwavi wa mchicha bila malipo. Kiondoke kile kilicho mlangoni, kwenye komeo la geti, kwenye kamba ya nguo, chini ya mfuniko wa tangi, au popote mkono au mtoto anapofika.

"Kikishaondolewa, kazi imekwisha"

Hapa kuna kifaa kinachodharauliwa kuliko vyote: fagio refu la kutolea utando wa buibui. Kutoka yai hadi nyigu mkubwa ni kama mwezi mmoja hadi mmoja na nusu, na mwanzoni jike aliyeanzisha huwa mara nyingi yuko peke yake na vyumba vichache, kiota hakijazidi ukubwa wa sarafu. Zunguka nyumba mara moja kwa wiki, saa nne asubuhi kukiwa na jua, uangalie upenuni, chini ya ngazi, nyuma ya kiyoyozi, ndani ya geti la bomba. Subiri jike aende kutafuta chakula, kisha pitisha fagio. Atajenga tena palepale. Nawe pitisha tena. Baada ya mara mbili tatu anahama. Lakini ukikuta nyigu zaidi ya wawili juu ya sega, rudisha fagio stoo na usubiri saa mbili usiku.

Mbao za nje ambazo hazijapakwa rangi ndizo anazokwangua kupata karatasi yake. Ukitazama kwa karibu uzio wa zamani utaona mistari myeupe, midogo kama iliyochorwa kwa ukucha. Paka vanishi au rangi hapo, na rekebisha bomba linalovuja uani, maana yule wa matonge huchota udongo wake hapohapo.