Mpira wa mkojo kwa aliyeumia uti wa mgongo: tunayoambizana na ukweli wake

Mdogo wangu aliporudi nyumbani baada ya ajali ya bodaboda, alirudi na vitu viwili vigeni kwetu: kiti cha magurudumu na mpira wa mkojo, ule unaoingizwa kibofuni kutoa mkojo hadi kwenye mfuko. Kiti tulikizoea kwa wiki moja. Mpira ndio uliotusumbua, maana kila aliyekuja kumjulia hali alikuwa na lake la kusema, na sisi tukayabeba yote. Mengi ilibidi tuyatupe.

"Asinywe maji mengi, mfuko utajaa upesi."

Nalielewa hili. Anayeuguza amechoka, na kuamka usiku kumwaga mfuko si kazi ndogo. Lakini mkojo mzito uliotuama kibofuni ni shamba la bakteria, na chumvi zake huganda ndani ya mpira mpaka ukaziba. Mwenye mpira wa kudumu, yaani unaokaa mwilini muda wote, kwa kawaida huhitaji kiasi cha lita 2 hadi 3 kwa siku, isipokuwa daktari amempunguzia kwa sababu ya moyo au figo. Mfuko umwagwe kabla haujajaa, ukae chini ya usawa wa kibofu ili mkojo usirudi nyuma, wala usigusane na sakafu. Kumlaza kitandani huku mfuko uko ubavuni mwake, kama tulivyokuwa tukifanya kila tulipombadilisha shuka, ni kumrudishia uchafu ndani.

"Mkojo una ukungu na unanuka, hiyo ni UTI. Anunuliwe antibayotiki."

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tulipomuumiza zaidi. Mpira wa kudumu ukishakaa mwilini kama mwezi mmoja, karibu kila mtu huwa na bakteria kwenye mkojo. Hujijengea utando juu ya mpira, mfano wa ule ute unaoota ndani ya pipa la maji lisilosuguliwa, na dawa hupenya humo kwa shida. Kwa hiyo ukimpima leo utaambiwa wadudu wapo, na ukimpima mwezi ujao utaambiwa vilevile. Kuwepo kwao peke yake si ugonjwa. Asiye na dalili kwa kawaida hatibiwi, isipokuwa mjamzito au anayekwenda kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo.

Sisi tulikuwa tunakimbilia duka la dawa kununua sipro, aina ya antibayotiki, kila mkojo ulipobadilika rangi. Siku homa ya kweli ilipokuja, vidonge havikufua dafu. Wadudu walikuwa wameshazizoea dawa zetu, akalazwa kwa sindano.

Sasa utajuaje kuwa anaumwa? Usingoje aseme mkojo unamchoma. Wengi walioumia uti wa mgongo hawasikii hilo. Angalia homa na kutetemeka, miguu kukakamaa au kurukaruka kuliko ilivyo kawaida yake, mkojo kuvuja pembeni mwa mpira, damu, au uchovu uliomwangukia ghafla. Ukiona hivyo mpeleke hospitali. Mkojo wa kupima usichotwe kwenye mfuko, kwani humo wadudu wameshazaliana. Mpira uliokaa zaidi ya wiki mbili ubadilishwe kwanza, kipimo kichukuliwe kwenye ule mpya.

"Kichwa kinamuuma? Mpe panadol alale."

Kwa aliyeumia uti wa mgongo kwenye pingili ya 6 ya kifua au juu yake, neno hili linaweza kuua. Kichwa kikigonga ghafla, uso ukaiva, jasho likamtoka juu ya sehemu aliyoumia, presha yake inapanda kwa kasi, na mara nyingi chanzo ni kibofu kilichojaa kwa sababu mpira umejikunja au umeziba. Kumlaza kunaipandisha zaidi. Mketishe wima, mlegeze nguo, fuata mpira kwa mkono tangu mwilini hadi mfukoni. Kama bado mkojo hautiririki, mpira ubadilishwe papo hapo, na kama dalili haziishi, awahishwe hospitali, maana hatari iliyo mbele ni kiharusi. Jambo la kumwambia muuguzi: namba ya juu ya kipimo cha presha ya watu hawa mara nyingi huwa 90 hadi 110, kwa hiyo 140 inayoonekana ya kawaida kwa mwingine, kwake ni kengele.

"Mpira unapoingilia pasuguliwe kwa spiriti kila siku."

Hapana. Maji na sabuni ya kawaida vinatosha; dawa kali huchubua ngozi, na asiyehisi hatakwambia kuwa anachubuka. Kwa sababu hiyohiyo mpira ubandikwe pajani usivutike.

"Kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira nyumbani ni kujitia wadudu."

Hofu hii ni ya zamani, hata madaktari waliwahi kuwa nayo. Mwaka 1972 Jack Lapides na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kuwa mtu anaweza kuingiza katheta, yaani mpira wa kutolea mkojo, kumaliza mkojo na kuitoa kwa usafi wa mikono tu, bila kuhitaji vifaa visivyo na kijidudu hata kimoja kama vya chumba cha upasuaji. Hoja yake ilikuwa kwamba kibofu kilichoachwa kikavimba ndicho kinachoalika maambukizi, kuliko wadudu wachache wanaoingia na mpira. Ndiyo maana ratiba ni kila baada ya saa 4 hadi 6, na kibofu kisizidi mililita 500. Katheta ya kutumia mara moja na kutupa ndiyo bora. Bei ikikushinda, muuguzi akuelekeze namna ya kuiosha kwa sabuni, kuisuuza mpaka ndani, kuikausha na kuihifadhi pasafi, na isitumiwe na mtu mwingine kamwe.

Mdogo wangu aliumia pingili ya 4 ya kifua, mikono yake ni mizima. Siku hizi ana sabuni yake, kopo lake lenye kifuniko, na simu inayomwita kila baada ya saa 5. Mfuko wa mkojo ameuacha.