Kukata Upya Fikasi ya Chunguni Iliyopoteza Umbo

Kila mwaka mvua zinapokaribia, wakazi wa Mtwara Mjini huleta kwenye bustani yetu ya mafunzo vyungu vya fikasi za bonsai, yaani miti inayofanywa midogo kwa mkasi na chungu, vyenye tatizo moja. Mti ulinunuliwa ukiwa mdogo na wenye umbo la kupendeza, ukapunguzwa ncha kwa mkasi mara kwa mara, na baada ya miaka michache umekuwa kichaka: majani yote yamekimbilia juu, matawi ya ndani yamekauka, shina halionekani, na mizizi imeanza kuinua udongo juu ya mdomo wa chungu. Mwenye mti huomba aonyeshwe namna nzuri zaidi ya kupunguza ncha. Tunalazimika kumweleza kwamba kupunguza ncha ndiko kulikoufikisha mti wake hapo, na kwamba umbo litarudi tu akikubali kukata hadi kwenye sehemu ngumu za matawi na shina.

Sababu yake iko katika tabia ya mti wenyewe. Fikasi hupeleka nguvu nyingi kwenye ncha zinazopata mwanga. Ncha ikikatwa kidogo, macho, yaani vinundu ambamo machipukizi hutokea, yaliyo karibu na jeraha huamka na kutoa vichipukizi viwili au vitatu, ambavyo navyo vikikatwa hutoa vingine mahali pale pale, hadi panajengeka tabaka zito la majani linaloziba jua lisifike ndani. Fikasi za uani zinazokatwa kwa umbo la mpira zinaonyesha jambo hili waziwazi, kwani ukipanua majani kwa mikono utakuta ganda la kijani lisilozidi upana wa kiganja, na nyuma yake vijiti vitupu. Kwa uzio wa miti wa barabarani hilo si kosa. Kwa bonsai, ambayo thamani yake ni shina na matawi yanayoonekana kama ya mti mkubwa wa porini, ni hasara kubwa. Neno bonsai ni la Kijapani na maana yake ni kilichopandwa katika sinia, na sanaa yenyewe Wajapani waliipokea kutoka China. Lakini hakuna mbegu ya pekee ya bonsai, kwa kuwa mti ni wa kawaida na udogo wake unatokana na mkasi na chungu.

Watu wa mikoa ya kusini hawapaswi kuogopa ukataji mkubwa, maana wanaufahamu kutoka shambani. Mikorosho iliyozeeka hukatwa shina, machipukizi yakatoka, kisha yakabebeshwa vikonyo (vijiti vya kupandikizia) vya aina bora, kwa utaratibu ambao watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, wamewafundisha wakulima. Fikasi ina uwezo huo wa kuchipua, pengine zaidi. Ni ndugu wa mkuyu, na aliyewahi kuona kisiki cha mkuyu kikichipua pembeni mwa bonde anajua kwamba chini ya gome la miti hii kuna macho yaliyolala yanayosubiri nafasi.

Hata hivyo, fikasi si zote sawa, na hapa ndipo ninapoona miti mingi ikipotea bure. Aina yenye majani mazito ya mviringo kidogo, ambayo wataalamu huiita Ficus microcarpa, huchipua vizuri kutoka kwenye shina hata ikibaki bila jani. Ile yenye majani membamba yenye ncha iliyochongoka na matawi yanayoinama, yaani Ficus benjamina, ambayo ndiyo inayopatikana kwa wingi katika vitalu vyetu, ni ya kuaminiwa kwa tahadhari, kwa sababu tawi lake likiachwa bila jani hata moja mara nyingi hufa hadi lilipoungana na shina. Mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi niliikata moja hadi ikabaki matawi matupu, tena katikati ya Julai, na matawi manne kati ya sita hayakuamka tena. Kwa hiyo kwenye benjamina acha majani machache mwishoni mwa kila tawi unalotaka liishi, subiri vichipukizi vitoke karibu na shina, ndipo ukate tena hadi hapo. Kazi inayofanyika siku moja kwa aina ya kwanza huweza kuchukua misimu miwili kwa aina ya pili.

Msimu una uzito kama aina. Kusini tuna kipindi kimoja cha mvua, kuanzia takriban Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na ukataji mkubwa unafaa ufanyike mwanzoni mwa kipindi hicho, joto likiwa juu na hewa ikiwa na unyevu, ili mti uwe na miezi kadhaa ya kukua mbele yake. Kuanzia Juni upepo wa kusi hukausha, usiku hupoa, na machipukizi huchelewa. Vilevile mti unaokatwa lazima uwe na afya. Wenye majani ya njano, wadudu au mizizi iliyooza upewe kwanza miezi ya kupona, uwekwe juani na upewe mbolea kidogo kidogo, kwa sababu akiba ya chakula iliyo ndani ya shina na mizizi ndiyo itakayolipia majani mapya.

Kabla ya kushika msumeno, fagia udongo wa juu hadi uone mizizi mikubwa inavyotandaa, uzungushe chungu, na uchague upande wa mbele, ambao ni ule wenye kitako kipana na shina lenye mwendo mzuri. Kipimo tunachotumia kufundishia ni kwamba urefu wa mti uliokamilika uwe karibu mara sita ya unene wa shina chini. Shina la sentimita 8 litabeba mti wa sentimita 48 hivi, lakini shina lenyewe hukatwa chini zaidi, sentimita 16 hadi 20, ili sehemu ya juu ijengwe na chipukizi jipya lililo jembamba zaidi, kwani wembamba huo unaoongezeka kwenda juu ndio unaolidanganya jicho kwamba mti ni mzee na mrefu. Kata sentimita 2 au 3 juu ya pale unapopataka. Kisiki hukauka kidogo kurudi chini, na ukiwa umekata sawasawa na alama yako utajikuta umepoteza jicho ulilolitegemea. Kinachobaki kisawazishwe baadaye, machipukizi yakiwa imara.

Msumeno na mkasi vifutwe kwa spiriti kabla ya kazi. Utomvu mweupe utatoka kwa wingi. Unyunyizie maji nao utaganda. Huwasha ngozi za baadhi ya watu na ni hatari kwa macho, hivyo vaa glavu na uwaweke watoto mbali. Jeraha linalozidi upana wa kidole gumba lifunikwe kwa nta ya nyuki iliyolainishwa.

Makosa mengi hutokea baada ya hapo, na karibu yote yanatokana na huruma. Mti usio na majani hunywa maji machache sana, lakini mwenyewe akiuona mtupu huumwagilia asubuhi na jioni mpaka mizizi inaoza. Mwagilia pale tu udongo wa juu unapoanza kukauka. Usiweke mbolea mpaka majani mapya yakomae, na usibadilishe chungu siku hiyo hiyo. Mizizi isubiri hadi mti uwe umefunika matawi yake, na wakati huo udongo mpya uwe wa kupitisha maji haraka, kwa mfano matofali ya kuchoma yaliyopondwa na kuchekechwa, changarawe ndogo, na samadi iliyoiva. Mchanga wa ufukweni usitumike kwa sababu ya chumvi.

Katika joto letu machipukizi huonekana baada ya wiki mbili hadi nne, mara nyingi mengi kwa pamoja kuzunguka jeraha. Yasiachwe yote, kwani yatavimbisha shina mahali hapo na uvimbe huo hauondoki. Chagua moja la kuendeleza shina na machache ya pembeni, yasiyotoka kimo kimoja, la chini kabisa likiwa takriban kwenye theluthi ya urefu unaoutarajia. Chipukizi likifikia unene wa penseli linaweza kuelekezwa kwa waya wa alumini. Wakati wa mvua fikasi hunenepa upesi, kwa hiyo waya huo ukaguliwe kila wiki na ukatwe vipande vipande, badala ya kuzungushwa ili kuufungua, mara tu unapoanza kuzama kwenye gome.