Mwezi kutua

Jua likishuka magharibi tunasema limekuchwa, na wakati wenyewe ni machweo. Mwezi nao una wakati wa kushuka, na nimeona watu wakiuita “machweo ya mwezi”. Ninaelewa wanachokusudia, ila kwangu neno hilo halikai sawa. Kuchwa ni kwisha kwa mchana. Ndiyo “kutwa” ile ile ya “mchana kutwa”. Mwezi ukishuka si lazima kiishe chochote. Heri kusema mwezi umetua, au umezama pale unapoingilia baharini.

Kutua ni kufika chini ya upeo wa macho upande wa magharibi, kwa sababu dunia inajizungusha kuelekea mashariki. Lakini mwezi nao unaizunguka dunia kuelekea huko huko mashariki, kwa hiyo kila siku unachelewa, kwa wastani dakika 50 hivi. Ndiyo maana jua kwetu huchwa karibu na saa kumi na mbili jioni, lakini mwezi hauna saa maalumu ya kutua. Mwezi nusu unaokua hutua karibu na saa sita usiku. Ule nusu unaopungua hutua adhuhuri, kweupe, na wengi hawauoni kabisa.

Mwezi mpevu ndio wa kuamkia. Simama Forodhani, Unguja, alfajiri ya mwezi kumi na tano, uso uelekee baharini. Utauona umeshuka, umegeuka rangi ya chungwa, mng'ao wote wa usiku umepungua. Ukingo wa chini ukishagusa maji, hesabu: dakika mbili tatu tu umekwisha, na nyuma yako, juu ya mapaa ya Mji Mkongwe, jua linachomoza. Maji yenyewe ni ya bamvua, yaani yanayojaa na kupwa sana; yalijaa kwenye saa kumi usiku na sasa yanarudi.

Mwezi mwandamo ni kinyume chake. Kuandama ni kufuata, na kweli huonekana ukilifuata jua: likishakuchwa, nao unatua muda mfupi baadaye, mara nyingi haijatimia hata saa nzima. Kwa hiyo wanaoutafuta mwezi wa Ramadhani au wa Idi huwa wameshakaa tayari ufukweni au juu ya mapaa kabla ya magharibi. Anayengoja giza likolee ndipo atazame, ataukuta umeshatua.