Moyo wa mama si gastriti tu
Bukavu wengi huamini mshtuko wa moyo ni ugonjwa wa wanaume. Mama wa soko la Kadutu akibanwa kifua, husemwa ni gastriti tu, yaani uvimbe wa tumbo. Kubanwa kifua ndiyo dalili kuu kwa wote, ila wanawake mara nyingi huongeza kichefuchefu, taya au mgongo kuuma, na kukosa pumzi. Hapo ndipo wengi hupewa dawa ya tumbo.

Hata picha ya mishipa mikubwa ya moyo ikitoka safi, mishipa midogo, isiyoonekana humo, inaweza kushindwa kupanuka, moyo ukakosa damu ya kutosha.

Ukifika dharura uliza: elektro (kipimo cha umeme wa moyo, ECG) imefanyika ndani ya dakika 10? Troponini (kipimo cha damu kinachoonyesha msuli wa moyo umeumia) itarudiwa lini? Ni baada ya saa 1 hadi 3 kwa kipimo cha kisasa, 3 hadi 6 kwa cha zamani, kwani huchelewa kupanda damuni.